Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Ushuru wa ramu ambayo hakuna aliyeinywa

Mheshimiwa Waziri,

Nina shamba dogo la miwa na mtambo mmoja wa shaba wa kukeneka ramu. Siombi upunguze ushuru. Naomba ubadilishe siku ya kuutoza.

Wengi hutengeneza ramu kwa molasi, yaani masalia mazito ya kutengeneza sukari, ambayo hukaa kwenye tangi miezi kadhaa bila neno. Sisi tunatumia maji ya miwa yenyewe, na muwa ukishakatwa haumngoji mtu: ndani ya siku moja au mbili sukari inaanza kuharibika. Ndiyo maana kinu kiko hapahapa shambani na tunakeneka wakati wa mavuno tu. Matone ya kwanza, yenye harufu kama ya gundi, tunayatenga, na ya mwisho vilevile. Cha katikati ndicho kinachoingia kwenye mapipa ya mwaloni.

Hapo ndipo hesabu zetu zinapoachana. Afisa wako hupima siku tunapokeneka, na ankara inafuata, ilhali ramu hiyo italala miaka 3 kabla sijauza chupa. Na pipa la mbao hupumua. Kinachopotea kwa mvuke Wafaransa hukiita fungu la malaika: kule kwao Cognac, wanakokeneka brandi, ni kama asilimia 2 kwa mwaka, lakini kwenye joto linalostawisha miwa hufika 6 au zaidi. Kwa asilimia 6, pipa la lita 200 nitalifungua baada ya miaka 3 nikute kama 166. Lita 34 nimezilipia, na malaika hawana namba ya mlipakodi.

Utaratibu huu unanisukuma niiuze ikiwa mbichi. Huko Martinique, kisiwa cha Ufaransa katika Karibi, ambako ramu ya maji ya miwa inalindwa kisheria kwa jina la mahali inakotoka tangu 1996, hairuhusiwi kuitwa kuukuu kabla ya miaka 3 pipani. Nitashindanaje nao ikiwa kila mwaka wa kusubiri ni adhabu?

Ruhusu ghala la dhamana hata kwa sisi wadogo. Mlango uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa afisa wako, mwingine kwangu, na ushuru ulipwe kwa kipimo cha siku ramu inapotoka.

Ankara ya msimu huu nitailipa, mapipa yamekwisha kujazwa. Ninachoombea ni miwa ambayo bado iko shambani.

Wako mtiifu,
Mkulima na mkenekaji wa ramu