Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tanga

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Mengine nitayapitia haraka. Ziara ya mapango ya Amboni ilifanyika, stoo imesafishwa, na hesabu atazisoma mhazini. Muda wangu nautaka kwa daftari la mawe, yaani daftari la kuandikia mawe yanayoletwa chamani.

Mwaka huu barazani tulijisomea historia ya idara ya jiolojia katika makumbusho ya viumbe na maumbile ya London. Idara hiyo ilizaliwa ndani ya British Museum. Mwaka 1857 madini yalipewa idara yake, visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vikabaki kwa jiolojia chini ya George Waterhouse. Mwaka 1881 makumbusho hayo yakafungua milango South Kensington, mtaa wa London, na mwaka 1956 jina la idara likawa idara ya paleontolojia, elimu ya visukuku.

Kilichotukalisha hadi isha, hata hivyo, ni Tendaguru, kilima cha mifupa ya dinosaria huko Lindi. Wajerumani walichimba huko kuanzia 1909 hadi 1913, wakasafirisha Berlin zaidi ya tani 200 za mifupa. Dinosaria mmoja alisimamishwa huko Berlin mwaka 1937, na leo kimo chake kinapita mita 13. Watu wa makumbusho ya London walifika Tendaguru 1924. Kiongozi wao, William Cutler, alifariki Lindi kwa malaria mwaka uliofuata. Wenzake waliendelea hadi 1931, na mpaka leo London haina mnyama mzima wa Tendaguru wa kuonyesha.

Mifupa ile ilichimbwa na watu wetu, ikafika bandarini Lindi kwa mabega na vichwa vya wapagazi. Waliobeba ni mamia. Majina tunayoyajua ni machache mno. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa Wajerumani, alikumbukwa mwaka 2007, dinosaria mmoja alipoitwa Australodocus bohetii. Karibu miaka mia! Mimi naona ni kuchelewa kusiko na udhuru.

Kwa hiyo kamati imeamua: halipokelewi jiwe bila kuandikwa limetoka wapi, lini, na nani aliliokota, hata kama ni mtoto au kibarua wa machimbo ya kokoto. Chokaa ya Amboni ni ya enzi ya Jurasi, zama za dinosaria, lakini kipande kisicho na maelezo hakitufundishi kitu. (Aliyetuachia mfuko wa rambo mezani bila neno anajijua.) Na vijana, ndani ya mapango hatuokoti chochote.

Daftari liko kwa katibu. Wenye mawe majumbani wamwone baada ya chai, wenye ada za nyuma wamwone mhazini kabla yake.