Kioo cha gari kimegoma? Usikimbilie kununua mota

Ilikuwa Aprili, mvua inanyesha tangu alfajiri. Mama mmoja akaingia gereji kwetu, kioo cha dereva kimezibwa kwa nailoni na solotepu. Mkononi ana mfuko wenye mota ya kioo aliyoinunua kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar, asubuhi ile ile.

"Fundi, kazi ni moja tu. Nifungie hii."

"Mama, tupe dakika tano kwanza."

Kijana wetu akaivuta swichi ya kupandisha kioo, akaishikilia hivyo hivyo, huku mkono wa pili ukifungua na kufunga mlango taratibu. Mlango ulipofika nusu kioo kikashtuka, kikapanda kama vidole viwili, kikasimama. Mota ya zamani ilikuwa nzima kabisa.

Tukauchomoa ule mpira mweusi wenye mikunjo ulio kati ya mlango na bodi, karibu na bawaba. Ndani, nyaya mbili zimekatika, na ya tatu inashikiliwa na nyuzi chache za shaba zilizokwisha kuota ukijani. Tulipomuuliza vizuri akakumbuka kwamba spika ya mlango ule ilinyamaza tangu Desemba, na loki nayo ilikuwa inashika siku inayotaka yenyewe. Kumbe yote matatu ni ugonjwa mmoja. Mota mpya ikarudi kwenye mfuko, na muuzaji, kama kawaida ya vifaa vya umeme, hakukubali kuipokea.

Nyaya hizo hujikunja kila mlango unapofunguliwa, na magari mengi tunayoletewa yana zaidi ya miaka 15 tangu yatoke kiwandani Japani. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, kwa hiyo ndio unaotangulia. Kuzisokota na kuzifunga teipu pale pale kwenye mkunjo si dawa: teipu hulegea kwa joto la Dar, na fundo gumu huanza kuisumbua waya ya jirani. Sisi tunaweka kipande kipya cha waya laini, kirefu kiasi kwamba maungio yanakaa ndani ya mlango au ndani ya bodi, mahali pasipojikunja, kisha tunalehemu. Kazi hii inakula muda, na ndiyo maana bei yake inazidi ya yule anayekufanyia barabarani kwa dakika kumi.

Kabla hujatupigia simu, kaa kwenye kiti cha dereva utazame kile kitufe kinachozuia vioo vya abiria. Watoto hukibonyeza, na vijana wa kuosha magari hukibonyeza kwa kitambaa bila kujua. Ukija kwa tatizo hilo hatukutozi, ila tutacheka kidogo.

Kama si hicho, jaribu kioo cha abiria kutoka sehemu mbili: swichi yake mwenyewe na swichi kuu iliyo kwa dereva. Kikikubali kwa dereva tu, swichi ya abiria ndiyo mbovu. Kikikubali kwa abiria tu, swichi kuu imeungua kwa ndani. Kikigoma kote, bado usiilaumu mota, kwa sababu katika magari mengi mzunguko wa umeme wa kioo cha abiria unapitia kwenye swichi kuu. Ikichakaa, inaweza kukizima kioo kilicho upande wa pili wa gari. Hapo ndipo mita inapohitajika: tunapima kama volti 12 zinafika kwenye soketi ya mota. Zikifika na mota haizunguki, sasa ndiyo tunazungumza habari ya mota.

Vioo vyote vikifa kwa pamoja, anza na fyuzi. Mara nyingi ni ya ampea 30. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya namba ile ile, na ikiungua tena acha hapo hapo uje. Tumeshafungua boksi la fyuzi tukakuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imekunjwa ikawekwa mahali pa fyuzi. Kioo kilikuwa kinapanda, ni kweli, ila siku waya zikigusana kitakachoungua ni waya iliyopita chini ya zulia.

Masikio nayo yanasaidia. Mota ikinguruma na kioo hakisogei, au kioo kimeanguka ndani ya mlango, mashine ya kupandishia imekatika kebo au imepasuka vishikio vya plastiki. Acha kubonyeza, maana kebo itajiviringisha na kuharibu zaidi. Kioo kinachopanda kwa kujikongoja mara nyingi kinabanwa na vumbi kwenye mipira ya pembeni. Safisha mipira hiyo, kisha ipulizie silikoni. Usipake grisi wala oili chafu, zinakusanya mchanga na kuivimbisha mipira. Na kama umetoka kubadilisha betri, kioo kikawa kinafika juu halafu kinarudi chenyewe, huenda kimesahau kipimo chake tu. Kwenye magari mengi unakipandisha hadi mwisho na kuendelea kuishikilia swichi kwa sekunde chache.

Loki ni hadithi fupi zaidi. Ndani ya kila mlango kuna kimota kidogo chenye meno ya plastiki, na yakilika utasikia "tik" dhaifu bila kitasa kuvutika. Mlango mmoja ukigoma, kosa liko kwenye mlango huo. Rimoti ikigoma lakini swichi ya mlangoni inafunga yote, anza na betri ya rimoti. Kwa gari lililofungiwa sentro loki (mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja) ya dukani, si ya kiwandani, kimota cha dereva huwa na nyaya tano na vingine nyaya mbili mbili. Cha dereva kikichoka, vingine havipokei amri au vinajifunga na kujifungua vyenyewe usiku. Hesabu nyaya kabla ya kununua. Mlango wa nyuma usiofunguka kutoka ndani huenda ni loki ya watoto tu. Kile kiswichi kiko ubavuni mwa mlango.

Jambo moja tunalosisitiza kila tunapofungua mlango: ile nailoni iliyo nyuma ya paneli lazima irudi. Mafundi wengine huichana na kuitupa, halafu maji ya mvua yanaingia ndani ya gari na zulia linaanza kunuka. Pia tunazibua vitundu vya chini ya mlango, maana vikiziba mlango unageuka ndoo na mota inaoga humo.

Ukija, leta rimoti zote ulizonazo na utoe vitu kwenye mifuko ya milango. Tunapima kwanza, tunakutajia bei, kisha tunafungua. Kifaa kibovu unaondoka nacho.

Na kama kioo kimekwama chini wingu limeshatanda, ivute swichi ya kupandisha huku mwenzako akigonga paneli ya mlango kwa ngumi, mara mbili tatu, usawa wa mota. Kikianza kusogea, mwenzako akibane kwa viganja viwili, ndani na nje, akisaidie kupanda. Kikifika juu, usikishushe tena mpaka ufike kwetu.