Barua kwa binamu yangu, kabla hujanyoosha mkono

Binamu,

Salamu kutoka Mabibo. Shangazi mpe shikamoo yangu, mwambie mihogo aliyompa kondakta ilifika mizima na haikumaliza siku mbili.

Uliniuliza kwenye simu kama lile gemu nililonunua linafaa, uanze kulitafuta huko Morogoro au usubiri. Nikakujibu "bado nalicheza" na kubadilisha mazungumzo. Jibu lake halikuwa la kwenye simu. Nimekaa nalo wiki mbili, nimefika sura ya tatu kati ya sita, na haya ninayoandika uliniruhusu niyaweke hadharani mradi jina lako nisilitaje. Silitaji.

Gemu lenyewe ni Resident Evil 5 la Capcom, la mwaka 2009, lile toleo la Gold lililofuata mwaka 2010. PS3, ile mashine ya gemu ya Sony, nimeipata Kariakoo, iliyokwisha tumika, na kwenye mfuko huohuo jamaa wa duka akaniwekea kamera ndogo, kijiti cha Move cha kulengea kwa mkono badala ya pedi, na kile kijiti kidogo cha mkono wa kushoto. Move ilitoka Septemba 2010 na toleo hili la Gold likapewa uwezo wa kuchezwa nayo. Watu wengi ninaowajua walionunua PS3 walitaka gemu la mpira wa miguu tu, kwa hiyo Move yangu ilikuwa kama imetoka kiwandani jana.

Kijiti kina mpira laini kichwani, ukubwa wa ule wa tenisi ya mezani, na unawaka taa. Kamera inakaa juu ya TV na kuutazama mpira huo mara 60 kwa sekunde. Kwa kuwa inaujua ukubwa wake halisi, ikiuona umekuwa mdogo inajua umerudi nyuma, ukiwa mkubwa umesogea. Ndani ya kijiti kuna vihisio vinavyojua umekiinamisha vipi na umekizungusha wapi. Hata rangi mpira hujichagulia, isifanane na vitu vya chumbani. Chumba changu unakijua: ili kamera inione vizuri ilibidi nisukume kochi ukutani na kusimama mgongo ukigusa mlango, pazia nimelishusha, maana jua la saa kumi likiingia kamera inachanganyikiwa.

Halafu unanyoosha mkono. Alama ya shabaha kwenye skrini inakwenda unakokwenda mkono wako. Nimecheza magemu ya bunduki tangu enzi za vile vibanda vya Mabibo Mwisho, tulipokuwa tunalipia kwa dakika, na siku zote niliyekuwa nalenga naye ni dole gumba. Dole gumba halina hofu. Ukishtuka, unakosea kidogo, unarekebisha. Huku mkono mzima uko hewani, na ukiogopa unatetemeka, na ukitetemeka alama nayo inatetemeka mbele ya macho yako. Hofu yako inaonekana kwenye skrini. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilisimama tu nikitazama ile alama inavyocheza juu ya kifua cha mtu anayenijia na panga, nikajua ile ndiyo hali ya mapigo yangu ya moyo.

Na miguu umefungwa. Gemu hili halikuruhusu kutembea huku umelenga, ukilenga, umesimama. Wengi wanalilaumu kwa hilo, mimi naona ndiyo roho yake. Ukitaka kukimbia, shusha silaha. Ukitaka kupiga, simama uwasubiri. Begi nalo ukilifungua dunia haisimami, wanaendelea kukujia huku unatafuta risasi. Kwa pedi hayo yote ni usumbufu. Kwa Move yanakukaza mwili mpaka mabega yanauma. Kwa upande wa mchezo wenyewe, binamu, siwezi kurudi kwenye pedi kwa gemu la namna hii. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya jibu langu.

Sasa ile ngumu.

Adui wa gemu hili wanaitwa Majini. Neno letu kabisa. Walioliweka wamelipa maana ya pepo wabaya, na hapo tu bibi angewasimamisha, kwa sababu kwa bibi jini hakuwa lazima mbaya. Alikuwepo wa kuogopwa na alikuwepo wa kuheshimiwa. Tena hilohilo kwetu ni ndani ya maji, ndiyo maana nilipolisikia mara ya kwanza nilitafuta bahari. Mji unaitwa Kijuju, ni wa kubuni, na gemu linasema uko Afrika Magharibi. Ki- yetu, imepachikwa kwenye juju, uchawi kwa wenzetu wa huko. Na watu wa mji huo wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili, maelfu ya kilomita kutoka pwani yake. Niliumia kidogo, kama mtu anayeingia nyumba ya wageni na kukuta kanga ya mama yake imefanywa kitambaa cha meza.

Lakini sikio halingoji ramani. Mwanzoni stelingi, Chris Redfield, Mmarekani, anaingia mjini mchana kweupe. Jua kali, vumbi, mabati, watu wamesimama sokoni, wengine wanapiga mateke gunia lenye kitu ndani, na anapopita wanaacha na kumtazama. Ni ule mtazamo wa mtaani, unaoujua, wa watu ambao bado hawajaamua. Muda si mrefu barabara zinakuwa tupu. Kisha yeye na mwenzake Sheva wanachungulia dirishani na kuona uwanja umejaa, mtu amepanda juu na kipaza sauti anawachochea, na chini yake jitu lenye shoka kubwa. Yule wa kipaza sauti anawaona. Umati wote unageuka.

Kuanzia hapo unakimbia. Unajifungia nyumbani mwa mtu, unasukuma kabati kuziba, wanaingia dirishani, wanaingia darini, na kazi yako ni kubaki hai mpaka helikopta ifike.

Jioni ile nilikuwa nimeacha dirisha wazi nyuma ya pazia kwa ajili ya joto. Dakika mbili hazikupita, mlango uligongwa mgongoni mwangu. Nikafungua, nikamkuta mama anayekaanga vitumbua pale barazani kwetu. Alikuwa bado ameshika kile kijiti cha kugeuzia, mafuta yanadondokea kandambili. Akauliza, "Mwanangu, wanamfukuza nani?" Nikamwambia ni TV. Akanitazama, akatazama TV, akatazama tena mkono wangu na ule mpira unaowaka, akasema, "Basi punguza sauti, umenikata maini."

Mama huyu amekaa ukuta kwa ukuta nami miaka minne. Amesikia bunduki, mabomu, magari yakilipuka, na Kiingereza cha kila aina ya kutisha. Hajawahi kuja. Siku hiyo alikuja kwa sababu alisikia watu wengi kwa pamoja, kwa Kiswahili, wakimtaka mtu. Sauti hiyo mtu wa Dar haisikii kama gemu. Mazimwi hatuwajui sana, umati tunaujua.

Unajua ninapokwenda.

Ilikuwa 2006, tupo kidato cha pili, tumetoka kutafuta viatu vya mtumba Manzese. Ulivaa ile tisheti ya njano. Chini ya daraja la waenda kwa miguu mwanamke alinyang'anywa mkoba, kijana akachanganyika na watu, na mtu mmoja mzima, mwenye heshima zake, akanyoosha mkono na kusema, "Huyo, wa njano." Hakupiga kelele hata kidogo, na mimi mpaka leo ninausikia utulivu ule. Waliopiga kelele ni wengine. Magazeti yana jina lao, wananchi wenye hasira kali, jina linalosikika kana kwamba ni hali ya hewa. Walikuwa watu. Mmoja alikuwa na chupa ya soda ambayo alikuwa hajaimaliza.

Aliyekuokoa ni mama wa dagaa, aliyeacha ungo wake ukamwagika akakushika kiunoni na kusema huyu namjua, mtoto wa pale kwangu. Hakuwa anakujua. Alikuwa hajawahi kukuona.

Mimi nilikuwa hatua kumi, nimeshika kiatu kimoja. Nilikuwa ninakujua tangu unazaliwa na sikufungua mdomo. Mwaka uliofuata Shangazi akawahamishia Morogoro, na katika miaka yote hii tumezungumza kuhusu daraja lile, kuhusu yule mama, hata kuhusu tisheti, lakini hatujawahi kuzungumza kuhusu kile kiatu.

Kwa pedi nadhani nisingekumbuka. Nimewahi kuwapiga maelfu ya watu wa skrini kwa dole gumba na kwenda kula. Lakini katika nyumba ile ya Kijuju, alama imetulia kifuani mwa kijana aliyevaa fulana, mweusi kama mimi, anasema lugha yangu, nilishusha macho kutoka kwenye skrini na kuuona mkono wangu. Umenyooka mpaka kiwiko. Kidole kiko mbele. Ni mkono wa yule mtu wa Manzese. Gemu linakuweka kote kuwili kwa pamoja: ni wewe unayefukuzwa na umati, na ni mkono wako unaoonyesha nani afe. Sidhani walilikusudia hilo. Waliotengeneza gemu na waliotengeneza kijiti walikuwa kampuni mbili, na wala hawakuwa wanamfikiria mtu wa Mabibo.

Unakumbuka bibi alivyotukataza kunyoosha kidole makaburini, na ukisahau uking'ate haraka? Usiku ule nilipozima nilikaa kitandani nikang'ata kidole cha shahada. Kwa nguvu, kama zamani.

Sitaki ufikiri nalisema gemu vibaya tu. Sheva ni mwenzako kwelikweli: ukipigwa mpaka unakaribia kufa, skrini inaiva damu, yeye anaacha anachofanya na kukukimbilia, na ile sekunde ya kumsubiri ni nzito. Anamaliza risasi ovyo, hilo ni kweli, lakini anakuja. Na kuna maandishi yametawanywa humo, ya kusoma ukiyaokota. Katika sura ya tatu, kwenye vinamasi, nilikuta shajara ya kijana wa kijijini anayeeleza jinsi walivyochanjwa, kisha kijiji kikageuka. Kurasa chache tu. Hao ninaowapiga, basi, walikuwa wagonjwa kabla ya kuwa adui, na aliyewaletea ugonjwa alikuja na sindano na ahadi. Ningependa gemu lingekaa hapo muda mrefu zaidi. Badala yake linawavika sketi za nyasi, vinyago na mikuki, linawaita Wandipaya, kabila la kubuni, na linakurudisha kwenye kazi ya kulenga. Tangu 2008, kabla halijatoka, mwandishi wa Newsweek N'Gai Croal alishasema wazi kwamba picha zake za mwanzo, za mzungu anayewapiga risasi Waafrika, zina historia mbaya nyuma yake, na wengi wakamwambia anakuza mambo. Nimemsoma upya juzi. Hakukuza. Ningemwongezea tu kwamba kuna watu ambao, juu ya kuona, wanasikia na kuelewa.

Kwa hiyo usilitafute Morogoro. Si kwa sababu huliwezi; wewe ni mtu mzima, una mke na mtoto, na unapita chini ya daraja lile kila unapokuja mjini bila kugeuza shingo. Ninakuomba usikutane nalo peke yako, usiku, dirisha likiwa wazi, mkono ukiwa umenyooka. Nilitaka uwe umeyajua haya kwanza, na uyajue kutoka kwangu.

Na lile la kiatu nimeliandika hapa mbele ya watu wote kwa sababu mbele yako peke yako limenishinda miaka yote hii. Nilikuwa na sauti siku ile, binamu. Nisamehe.

Ukija na treni ya Jumamosi nitakuwa nyumbani kuanzia saa nane. Mama wa vitumbua nimeshamwambia nina mgeni, ameahidi kutuwekea vya moto. Kijiti nimekichomeka kichaji lakini kamera nimeishusha, iko kwenye boksi lake chini ya meza. Ukitaka tulicheze, tutaipandisha. Usipotaka, pedi zipo mbili, tutaweka mpira.