Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya uhamiaji: nielezwe kwa maandishi nitakaaje kwetu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima yote inayostahili ofisi yako. Barua za kawaida nilizokwisha kuiandikia ofisi hiyo hazikujibiwa, nami sikutaka kuamini kwamba zilipuuzwa. Nilijiambia kuwa pengine zimekwama mahali fulani baina ya masijala na meza. Hii naiandika hadharani ili isipate mahali pa kukwama.

Mapema mwaka huu nilikuja Muheza kumuuguza dada yangu mkubwa, akafariki nikiwa naye, na siku 90 za viza yangu zikakaribia kwisha kabla hatujamaliza msiba. Nilikwenda ofisi moja ya uhamiaji kuomba niongezewe muda. Ofisa aliyenipokea, kijana mpole ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wangu, alinieleza kwamba viza ya matembezi imefika kikomo chake, kwamba kibali cha ukaazi kina utaratibu wake na wadhamini wake, na kwamba njia ya haraka kwa mtu wa hali yangu ni kutoka kwa mpaka wa Horohoro kuingia Kenya kisha kuomba upya. Nilitoka. Arobaini ya dada yangu ilisomwa mimi nikiwa kwenye nyumba ya kulala wageni Mombasa, nikingoja kuruhusiwa kuingia katika wilaya niliyozaliwa kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa.

Mheshimiwa, mimi ni muuguzi mstaafu. Nilikwenda Uingereza nikiwa msichana, nikafanya kazi wodini hadi kustaafu, na katikati ya safari hiyo nikachukua uraia wa huko kwa sababu ambazo kila aliyeishi ughaibuni anazijua: watoto waliozaliwa kule, ajira, na mlolongo wa vibali usiokwisha. Uingereza haikunitaka niukane utanzania wangu. Sheria yetu wenyewe, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ndiyo inayosema kwamba mtu mzima akichukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unakoma. Niliitii. Nilirudisha pasi. Wapo waliozificha na wanaingia na kutoka kwa foleni ya raia hadi leo, na kila mmoja wetu anawafahamu kwa majina. Sitawataja, lakini nataka utambue kwamba anayesimama kwenye foleni ya wageni na dola 50 mkononi ni yule aliyefuata sheria.

Nimeshauriwa na wengi kwamba ningebaki na pasi ya Tanzania na kuishi Uingereza kwa kibali cha ukaazi wa kudumu. Ushauri huo hutolewa na watu ambao hawajazeeka. Ukaazi huo unaoitwa wa kudumu hufutika mwenye nao akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo. Mwenzangu mmoja tuliyefanya kazi wodi moja alibaki na pasi yetu kwa mapenzi ya nchi yake, akarudi Korogwe kustaafu, na alipotaka kwenda kuwaona wajukuu wake akajikuta anaomba viza ya mgeni kama mtu ambaye hajawahi kuikanyaga London. Aliyechukua uraia amefungiwa mlango wa huku, na asiyechukua amefungiwa wa kule. Hiyo ndiyo hesabu tunayopigiwa uzeeni, na anayetoa hotuba za kutuita “mabalozi wetu wa ughaibuni” sidhani kama ameipiga.

Huku nyumbani nimeelekezwa kwenye kibali cha ukaazi cha daraja C. A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B ni la walioajiriwa, na C ni la waliobaki: wanafunzi, watafiti, wamisionari, watu wa kujitolea, na inavyoonekana mabibi waliozaliwa Muheza. Sina kinyongo na kundi hilo. Tatizo ni kwamba kila ninapouliza nitahitaji nyaraka zipi, naambiwa jambo jipya. Dirisha moja lilitaka barua ya mdhamini ambaye ni raia. Lingine likasema ndugu wa damu hatoshi, atafutwe wakili. La tatu likataka uthibitisho wa pensheni uliogongwa mhuri na ubalozi, na nilipouleta nikaambiwa kwamba hauhitajiki. Katikati ya madirisha hayo wamejaa vishoka wanaojua kila kitu, na bei ya kujua kwao inapanda kadiri mtu anavyozeeka.

Kisha kuna hadhi maalum, ile tunayoahidiwa sisi tuliopoteza uraia. Tumeisikia kwenye hotuba kwa miaka. Serikali ilipeleka bungeni mapendekezo ya kurekebisha Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kwa ajili yetu sisi wenye asili ya Tanzania tulio raia wa nchi nyingine, na siku hiyo kule ughaibuni watu walipigiana simu usiku kupongezana. Mimi nililia. Nilipofika dirishani na furaha yangu niliulizwa kama nina nakala ya hiyo hadhi, kwa maana wao hawajaletewa maelekezo. Huenda kanuni zimechelewa kuandikwa, huenda kuna mvutano baina ya wizara ya ardhi na yako, huenda kuna mtu anaogopa kwamba tutarudi kununua nchi nzima kwa pauni. Sijui, na kwa kuwa hakuna anayetueleza, tumebaki kubuni. Ninachokijua ni kwamba ahadi imefika Dodoma na haijafika dirishani.

Suala la ardhi nitalitaja kwa ufupi tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mashamba ya michungwa aliyoyapanda marehemu baba yangu, nami nikimshikia miche, leo siwezi kuandikishwa hata kipande. Kaka yangu ni mtu mwema na jina lake liko kwenye karatasi, Mungu amweke. Lakini mgeni asiye na kaburi hata moja nchini anaweza kununua nyumba katika mradi wa uwekezaji kule Zanzibar na akapata ukaazi kwa ununuzi huo, wakati mimi mwenye makaburi ya wazazi hapa naulizwa nakuja kutalii nini.

Wahenga walisema mwenda kwao si mtumwa. Hawakueleza anayekwenda kwao kwa viza ya siku 90 ni nani.

Naomba nisieleweke kwamba nataka mlango uachwe wazi bila masharti. Nchi zinazojiheshimu zina masharti, na zinayaandika. Thailand imesema wazi kwamba mstaafu wa miaka 50 na kuendelea aoneshe bahti 800,000 benki au mapato ya bahti 65,000 kwa mwezi. Kenya ina kibali cha daraja K kwa mtu wa miaka 35 na zaidi mwenye mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, akiahidi kutofanya kazi ya mshahara. Na kwa wale waliozaliwa Wakenya, Katiba yao ya 2010 imesema kuwa uraia wa kuzaliwa haupotei kwa kuchukua wa nchi nyingine. Rafiki yangu wa Voi, tuliyestaafu pamoja, alirejea kwao na sasa anafuga kuku. Ni jambo la ajabu, Mheshimiwa, kwamba ninajua kwa uhakika ninachotakiwa kuwa nacho ili nizeekee Chiang Mai, ambako simjui mtu, na sijui ninachotakiwa kuwa nacho ili nizeekee Muheza.

Na muda si rafiki yangu. Pensheni ya serikali ya Uingereza kwa mstaafu anayeishi Tanzania hubaki palepale ilipokuwa siku alipohama. Haiongezwi mwaka hadi mwaka kama ya wenzetu waliokwenda kuishi Mauritius au Jamaica, ambako kuna mikataba ya hifadhi ya jamii. Maana yake ni kwamba kila safari ya kutoka na kuingia, kila ada isiyorudishwa, kila kishoka, vinatoka katika fedha ambayo haitaongezeka kamwe. Kama wizara yako ingependa kuzungumza na wenzako wa Mambo ya Nje kuhusu mkataba wa namna hiyo, nitashukuru, ila najua nikianza kuomba mengi sitapewa hata moja.

Kwa hiyo naomba moja. Ofisi yako itoe waraka, kwa Kiswahili, wa ukurasa mmoja hata nusu, ubandikwe kwenye kila dirisha la uhamiaji, unaosema: mtu aliyezaliwa Mtanzania, aliyepoteza uraia kwa mujibu wa sheria, na ambaye amestaafu na ana pensheni yake, atakaa nchini kwa kibali gani, kwa miaka mingapi, kwa nyaraka zipi, kwa ada gani, na nani atatia saini. Ikiwa jibu ni hadhi maalum, iandikwe itaombwa wapi. Ikiwa jibu ni daraja C, iandikwe hivyo. Hata ikiwa jibu ni kwamba hatutakiwi, naomba nalo liandikwe na litiwe mhuri, nipate kulisoma mwenyewe badala ya kulisikia kila mara kutoka kwa kijana mwingine mpole.

Ninaomba waraka, Mheshimiwa, sio mkutano mwingine wa diaspora wenye chai na vitafunwa. Viza niliyo nayo sasa inakwisha mwezi ujao, na safari hii sikusudii kwenda Horohoro kabla sijajibiwa.

Wako mtiifu, kama siku zote,

Muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Muheza, Tanga