Barua ya wazi kwa Kamishna Jenerali wa Magereza: ufunguo wa pingu ubaki wadini

Mheshimiwa,

Mimi nauza omena soko la Kibuye, hapa Kisumu. Barua za wakubwa sijazizoea, kwa hivyo utaniwia radhi nikienda moja kwa moja.

Juzi nilimuuguza baba yangu usiku tisa katika hospitali moja ya umma ya eneo hili. Kitanda cha pili kutoka chetu alilazwa kijana mahabusu, kesi yake hata haijasikizwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na kadiri ulivyovimba ndivyo pingu ilivyozidi kumla ngozi. Mama mmoja aliyekuja kumwona mumewe alichana leso kuukuu, tukaipenyeza katikati.

Usiku wa tatu kijana akaanza kuhara. Choo kiko mwisho wa wadi. Muuguzi akamwomba askari jela amfungue. Askari akajipapasa mifuko, kisha akasema ufunguo ameondoka nao mwenzake aliyemaliza zamu saa kumi na mbili jioni. Nikampa kijana beseni la kumwogeshea baba, nikashika shuka kama pazia. Alilia, na si kwa maumivu. Ufunguo ulifika saa tatu asubuhi.

Askari yule simlaumu. Alikesha kwenye kiti cha plastiki, nikamgawia uji. Akaniambia, "Mama, huyu akitoroka, mimi ndiye nitakayeingia ndani." Mtu anayeishi na hofu hiyo hafungui pingu kwa kuombwa na nesi, hata ufunguo akiwa nao. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kifungu cha 51 cha Katiba kinasema aliye kizuizini anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo kwa hakika haziwezi kwenda pamoja na kufungwa. Kwenda choo ukiwa mgonjwa kunagongana vipi na kufungwa? Kanuni za Mandela kuhusu jinsi ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, ziko wazi zaidi: uamuzi wa tiba ni wa wahudumu wa afya, na ofisa wa gereza asiye mhudumu wa afya hawezi kuupuuza. Kanuni hizo pia zinasema mwanamke anayejifungua asifungwe pingu kabisa. Nasi tumeshafunzwa hapa hapa: mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu waliwekwa gereza la Kapsabet kwa kuacha dawa, na 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Katiba ilivunjwa.

Ufunguo ubaki wadini, upokezanwe kwa sahihi zamu inapobadilika, kama tunavyopokezana wa stoo sokoni. Daktari akiandika kwenye faili kwamba pingu itoke, itoke, na maandishi hayo yamkinge askari. Tena daktari anapomhoji mgonjwa, askari akae mahali anapoona bila kusikia. Kijana yule aliulizwa mambo yake ya siri askari akiwa miguuni pake. Kila swali alijibu "sijui". Sasa daktari anatibu nini?

Ukinijibu, barua yako nitaibandika kibandani pangu. Wateja wangu wengi wana mtu ndani, nao watataka kuisoma.

Wako,
Muuza omena, Kibuye