Barua ya wazi kwa mkuu wa mabwawa: ile namba ya kwenye rula tuambieni na sisi

Mheshimiwa mkuu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa mpunga huku Lindi, jaruba zangu zipo bondeni chini ya lambo, yani maji yakifunguka huko juu mimi ndo wa kwanza kuyapokea, kwahiyo naomba unisikilize kidogo.

Lile lambo lilijengwa kuzuia mafuriko. Kuna rula ya kupimia kina imesimamishwa majini, mlinzi anaisoma kila asubuhi anaandika kwenye daftari, na daftari linaenda ofisini mwisho wa mwezi. Sasa mkuu, mvua ya huku kwetu inasubiri mwisho wa mwezi? Januari 2020 Kilwa mafuriko yaliua watu, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikakata barabara ya Somanga tukabaki kisiwani, nauli sitaki hata kukumbuka. Maji yanapanda kwa masaa sio kwa miezi.

Halafu hiyo rula yenyewe nayo inadanganya, sio kosa lake lakini. Kila masika mto unaleta tope na mchanga vinakaa chini, kwahiyo rula ikisema mita tatu leo sio maji yale yale ya mita tatu za mwaka lambo linajengwa, nusu ya hapo inaweza kuwa matope tu. Hesabu za ujazo zinatakiwa zipigwe upya, na wala sio kazi ngumu, kiangazi maji yakishuka watu wanatembea kule ndani kwa miguu wanafata kambare, basi na wapimaji nao waingie.

Kingine nitagombana na majirani ila nasema tu. Wenye ng'ombe wanataka lambo lijae muda wote, na mimi mwenyewe nina tuta zangu za mchicha pale pembeni, najua utamu wake. Ila lambo la mafuriko likiwa limeshajaa mpaka kwenye utoro, yani pale maji ya ziada yanapotokea, mvua kubwa ikija linazuia nini? Maji yanapita juu kwa juu yanatufata sisi. Mvua zetu zinaanza Novemba, Desemba, basi kabla ya hapo yapunguzwe taratibu nafasi ibaki, na mkifungua mtuambie mapema tutoe mbuzi na mashine za kuvutia maji.

Bwawa la Nyerere kule Rufiji walivyoanza kulijaza tarehe 22 Desemba 2022 nchi nzima tulikuwa tunasikia maji yamefika mita ngapi, mpaka vijiweni watu wanabishana kama wanabishania Simba na Yanga. Sisi la kwetu dogo hatulijui.

Nilishamwomba mlinzi niwe napiga picha ya rula kila asubuhi naitupia kwenye grupu la kijiji la WhatsApp, bando langu mwenyewe. Akasema mpaka kibali kitoke juu. Mkuu, mimi nilikuwa naomba hicho kibali, kabla ya Novemba.