Miti isikatwe msimu wa joto la kaskazi, na ndege tuwawekee maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wakazi wa Dar es Salaam wasioweza kukuandikia.

Jumamosi iliyopita, saa nane mchana, niliwaona shorewanda sita chini ya bomba la kiyoyozi cha jirani. Midomo wazi, mabawa wameyatenga na mwili, wanagombea matone. Ndege hatoki jasho. Mwili wake, ambao hata siku ya kawaida una joto la nyuzi 40 hivi, huupoza kwa kuhema, na kuhema kunamkausha. Hapa pwani, upepo ukikatika na hewa ikajaa unyevu, hata kuhema hakumfai sana. Zamani angekimbilia kivuli cha mwembe. Siku hizi nyua zetu zimesakafiwa saruji ukuta hadi ukuta, na mwembe ulishageuzwa kuni.

Hili la miti ndilo linaloniuma zaidi. Mtaani kwetu vijana waliletwa na mapanga katikati ya joto hili, wakaunyoa mwarobaini wa barabarani ukabaki nguzo, kwa sababu eti majani yanachafua. Viota vya mnana vilianguka navyo. Tukumbuke pia kwamba popo wala matunda hushinda wananing'inia mitini mchana kutwa. Jua likizidi hujipepea kwa mbawa na kujilamba mate wapoe. Wakinyang'anywa majani, waende wapi? Tawi lililoegemea waya au paa likatwe, sikatai. Mengine yangoje Juni na Julai, masika yakishapita na hali ya hewa imepoa, na mkataji atazame kwanza kama kuna kiota.

Maji ni kazi ndogo. Bakuli pana la udongo, maji yasizidi kina cha vidole viwili, liwekwe kivulini. Tia mawe machache yachomoze juu ya maji, nyuki wapate pa kutua wasizame. Nao wana shida: hubeba maji mpaka mzingani, wakayatandaza na kuyapepea kwa mbawa ili masega yasiyeyuke.

Mama mmoja jirani yangu aliniambia, "Baba, unatufugia mbu." Ana haki ya kuogopa. Dengi ilitutesa mwaka 2014, ikarudi 2019, na mbu wake hutaga hasa katika maji yaliyotuama majumbani mwetu. Lakini tangu yai mpaka mbu kuruka hupita kama wiki nzima. Kwa hiyo mimi humwaga maji kila asubuhi baada ya swala, nikasugua kingo za bakuli kwa brashi, maana mayai hunata pembeni, kisha nikajaza mapya. Asiyeweza kufanya hivyo kila siku, bora asiweke kabisa.

Kunguru nao watakuja. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na tangu hapo wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mimi nimelificha bakuli chini ya bogenvilia yenye miiba. Ndege kama chozi na tetere wanapenya, kunguru anaishia kuzunguka nje.

Waislamu tunasimuliwa tangu utotoni habari za mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni mwake kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Ndiyo maana nimethubutu kuandika juu ya shorewanda.

Naziomba ofisi za serikali za mitaa zibandike tangazo mapema, kabla ya Desemba ijayo: upunguzaji wa miti usubiri Juni, isipokuwa penye hatari. Na anayepanda mti mwaka huu afikirie mkwaju au mkuyu.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam